Mimba imekufa tumboni bila damu wala maumivu: je, kliniki ingeiokoa?

Shikamoo Mama Mkunga,

Nina miaka 28, nimeolewa, naishi na mume wangu nje kidogo ya mji wa Tanga, kwa wazazi wake. Hii ni mimba yangu ya kwanza. Hedhi ilipochelewa nilipima kwa kile kijiti cha duka la dawa, ikatoka mistari miwili, tukafurahi sana. Kichefuchefu kilinikamata haswa, hata harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa inanitoa jikoni. Ilipokaribia miezi mitatu kikaisha, nikaanza kula vizuri, na kila mtu akaniambia sasa mimba imekaa.

Kliniki sikwenda mapema. Mama mkwe alisema mimba changa haitangazwi, watu wana kijicho. Jirani naye akasema ukianza mapema utazungushwa bure, subiri tumbo lionekane. Nikaenda nilipohesabu mwezi wa nne umeingia. Nesi alinipapasa tumbo, akasema mji wa mimba uko mdogo kuliko tarehe nilizomtajia, akaniandikia altrasaundi. Aliyenipima alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Hapa hakuna mapigo, mtoto ana ukubwa wa wiki tisa, nenda kwa daktari ukasafishwe." Basi. Akaita mwingine.

Mama, sijatokwa na hata tone la damu. Tumbo haliumi. Matiti bado yamejaa. Nimerudia kijiti nyumbani na mistari bado ni miwili. Nikakataa kusafishwa, nikarudi nyumbani. Mama mkwe anasema mimba haijafa, imelala, imehamia mgongoni, na yuko mzee kijijini kwao anayejua dawa ya kuiamsha. Wifi yangu anasema ni sindano za uzazi wa mpango nilizochoma zamani ndizo zimeniharibu kizazi. Jirani nasikia ananong'ona kwamba nimeitoa mwenyewe. Mume wangu haongei. Anarudi usiku na kugeukia ukutani.

Nami kila usiku nahesabu: ndoo za maji nilizobeba, bodaboda kwenye barabara ya mashimo, siku niliyogombana na wifi hadi nikalia. Ni lipi kati ya hayo lililomuua mwanangu? Mashine haiwezi kukosea? Ningeanza kliniki mapema angepona? Nitazaa tena? Na nikikubali kusafishwa, mume wangu ataruhusiwa kuwa nami?

Nisaidie mama.

Mwenye majonzi, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nauita msiba kwa sababu ndivyo ulivyo, hata kama hakuna aliyefunga turubai uani wala aliyekuja na kanga kichwani kukupa mkono wa pole.

Maswali yako yote nitayajibu, ila liko jambo lisiloweza kungoja. Usinywe dawa ya kuiamsha mimba, na urudi hospitali wiki hii. Dawa nyingi za miti wanazopewa wajawazito hufanya kazi kwa kuubana mji wa mimba. Ukizinywa ilhali ndani kuna mimba iliyokufa, unaweza kuanza kumwaga damu usiku, mbali na hospitali, bila mtu wa kukuongezea damu. Na ikitokea homa, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au damu inayolowesha pedi mbili kubwa ndani ya saa moja, usingoje kuche. Ondokeni saa hiyohiyo.

Sasa tuzungumze.

Ndiyo, mimba inaweza kufa na mwili ukakaa kimya kwa wiki kadhaa. Tumezoea kwamba mimba ikiharibika mlango wa kizazi hufunguka, tumbo husokota, damu hutoka. Hiyo ni aina moja. Ipo nyingine ambayo mtoto huacha kukua, moyo husimama, na mlango wa kizazi hubaki umefungwa vilevile. Wakati mwingine hata mtoto mwenyewe hakuwahi kuumbika, mfuko wa maji umekua peke yake. Kondo la nyuma, lile linalotoa homoni za mimba, linaweza kuendelea kuzitoa kwa muda, mithili ya jiko la mkaa linalobaki na moto baada ya sufuria kuepuliwa. Ndiyo maana matiti yako bado yamejaa, na ndiyo maana kijiti bado kinaonyesha mistari miwili. Kijiti hupima homoni kwenye mkojo. Uhai wa mtoto hakiujui. Hata baada ya kusafishwa mistari hiyo inaweza kuonekana kwa wiki tatu au nne, kwa hiyo ukiiona usije ukadhani mimba imerudi.

Lile la kichefuchefu kukoma nalo naona linakuchoma, kwamba ulifurahi siku ambayo pengine mtoto alikuwa ameshaondoka. Mwanangu, kwa wanawake wengi wenye mimba nzima kabisa kichefuchefu hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 14. Uliona dalili ambayo karibu kila mjamzito huiona, ukaielewa kama kila mtu anavyoielewa. Nami ningekutazama siku ile ningekupongeza. Mtoto wa kwanza mama huanza kumsikia akicheza wiki ya 18 hadi 20, au hata baadaye kidogo. Kile kipembe tunachokiweka tumboni kusikilizia moyo hakitusaidii kabla ya wiki ya 18 hivi. Nesi wako aliligundua jambo kwa mkono, kwa kuona mji wa mimba haulingani na tarehe, na hapo alifanya kazi yake vizuri. Lakini kabla ya tofauti hiyo kuwa kubwa, altrasaundi ndiyo pekee ingeweza kuona.

Je, mashine inaweza kukosea? Mwanzoni kabisa mwa mimba, ndiyo, na madaktari wana kanuni ya kujikinga na kosa hilo. Wakipima kwa njia ya ukeni na mtoto akawa chini ya milimita 7 bila mapigo, hawatamki kwamba amekufa. Humrudisha mama baada ya wiki moja au mbili wapime tena, maana huenda tarehe zimepishana na mimba ni changa kuliko walivyodhani. Akifika milimita 7 au zaidi bila mapigo, hapo husema. Mtoto wa wiki tisa ana urefu wa zaidi ya sentimita mbili, na moyo wake ungekuwa unaonekana ukidunda bila kutafutwa sana. Halafu tazama kalenda yako. Hedhi ilichelewa, ukapima, ukatapika mwezi na zaidi, na sasa uko mwezi wa nne. Mimba hiyo haiwezi kuwa ya wiki tisa kwa sababu tu umehesabu vibaya.

Hata hivyo, kama ulipimwa kwa juu ya tumbo tu na mtu mmoja, una haki ya kuomba kipimo cha pili kwa mtu mwingine kabla ya kuguswa. Kiombe, tena bila kuona haya. Mama aliyeiona picha kwa macho yake na kuelezwa hulala vizuri zaidi baadaye kuliko aliyeambiwa sentensi moja na kutolewa nje. Hukupewa habari hiyo inavyostahili. Mtu akifiwa hukalishwa chini, mlango ukafungwa, akaitiwa mtu wake, akaelezwa taratibu na kuachiwa nafasi ya kulia. Wenzangu wa vyumba vya vipimo wanaosoma hapa, foleni ni ndefu, naijua, lakini dakika tano za mama huyu ni sehemu ya matibabu.

Kuhusu mimba kulala. Mama mkwe wako simdharau; haya aliyapokea kwa mama yake, na naona katika maneno yake hamu ya mjukuu. Wanawake wengi wa rika lake wamesikia habari za mimba iliyokaa mwaka mzima mgongoni ikaja kuamka. Ukiwauliza vizuri wanaosimulia, mara nyingi kisa huwa hivi: mama alikosa hedhi miezi kadhaa, tumbo halikukua, baadaye hedhi ikarudi, kisha akashika mimba na kujifungua. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, au haikuwa mimba bali homoni zimevurugika, na ya pili ilikuwa mpya. Nyakati hizo hapakuwa na kipimo cha kuzitenganisha, watu wakaziunganisha zikawa moja. Mgongoni hakuna mahali pa kukaa mtoto, na moyo uliosimama wiki ya tisa hauamki. Ukiweza, mwombe mama mkwe afuatane nawe kwenye kipimo cha pili, na umwombe daktari amweleze yeye mwenyewe huku picha ikiwa mbele yake. Utakuwa umemheshimu, na mtatoka humo mkiwa na neno moja.

Sasa hizo ndoo.

Ndoo hazikumuua mwanao. Wala bodaboda, wala ugomvi na wifi, wala machozi, wala kulala na mumeo. Mimba changa imekaa ndani kabisa ya mfupa wa nyonga, na ukuta wa mji wa mimba ni mnene. Kati ya mimba 100 ambazo wanawake wanajua wanazo, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya miezi mitatu kwisha, na karibu nusu ya hizo za mapema, au zaidi, huharibika kwa hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi wa wazazi. Mtoto hupokea kromosomu 23 za mama na 23 za baba. Wakati wa kugawanyika na kuungana inatokea moja ikazidi au ikapungua, na mtoto huyo hukua hadi mahali asipoweza kuendelea. Hakuna aliyekosea, si wewe wala mumeo. Mara nyingi ni tukio la mimba hiyo moja, nayo hali hii huongezeka umri wa mama unapopita miaka 35, na zaidi baada ya 40. Wewe una 28.

Ziko sababu nyingine zinazojulikana: kisukari kisichodhibitiwa, matatizo ya tezi ya shingo, malaria, kaswende, uvutaji wa sigara, pombe. Hizo zinapimika au zinaepukika, na baadhi nitazirudia nikifika kwenye habari za kliniki. Sindano za uzazi wa mpango hazimo. Ile ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha kushika mimba baada ya kuiacha, lakini haiozeshi kizazi wala haisubiri ije iue mtoto. Ukishika mimba tu, hoja ya wifi yako imeshajijibu.

Na huyo jirani anayenong'ona kwamba umeitoa, mwache na maneno yake, ila yasikuzuie kwenda kutibiwa. Nimeona wanawake wakikaa nyumbani na homa kwa kuogopa watahojiwa kama wahalifu. Matibabu baada ya mimba kuharibika ni huduma halali nchini kwetu na hutolewa kwenye hospitali za serikali, na vituo vya afya vingi pia. Kumhudumia mwanamke ambaye mimba yake imeharibika ni wajibu wa mhudumu.

Huko watakueleza njia tatu. Ya kwanza ni kungoja mwili utoe wenyewe. Inafaa kwa baadhi ya wanawake, lakini katika aina hii mlango ukiwa umefunga unaweza kungoja wiki nyingi na mwisho ikahitajika njia nyingine. Wewe mimba yako imesimama tangu wiki ya tisa, kwa hiyo umeshangoja bila kujua. Ya pili ni vidonge vinavyofungua mlango wa kizazi na kuusukuma mji wa mimba utoe kilichomo. Utapata maumivu makali kuliko ya hedhi na damu nyingi kwa saa kadhaa, na vinahitaji mtu wa karibu na njia ya kufika hospitali. Usivinunue kimyakimya duka la dawa, kwa sababu kipimo chake hutegemea ukubwa wa mimba na historia yako. Ya tatu ni kusafishwa kwa bomba la plastiki linalofyonza kwa mkono. Hutumika mimba ikiwa na ukubwa usiozidi wiki 12 hivi, hufanyika kwa ganzi ya mlango wa kizazi na dawa ya maumivu, na yenyewe huchukua dakika chache tu. Shirika la Afya Duniani linahimiza bomba hilo badala ya kukwangua kwa chuma, kwa kuwa lina madhara machache zaidi. Uliza watatumia kipi. Uliza pia dawa ya maumivu utapewa saa ngapi, kabla hujapanda kitandani.

Njia ipi, mtaamua wewe na daktari. Nisichokubali ni wewe kukaa hivyohivyo mwezi mwingine. Mimba iliyokufa ikikawia ndani, maambukizi yanaweza kuingia. Na ikikaa muda mrefu sana, hasa ikiwa kubwa, mara chache damu ya mama inaweza kupoteza uwezo wake wa kuganda. Ulizia kundi lako la damu. Kama ni hasi (mfano O hasi au A hasi), mwulize daktari kama utahitaji sindano ya kinga kwa ajili ya mimba zijazo. Na kama wewe na mumeo mnataka kukabidhiwa kilichotoka mkakizike, semeni mapema, kabla ya huduma kuanza.

Nimefika kwenye swali ambalo nadhani ndilo linalokuumiza kuliko yote, kama ungeanza kliniki mapema angepona.

Kwa uwezekano mkubwa hapana, mwanangu. Kama hitilafu ilikuwa kwenye kromosomu, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, hakuna mkunga, dawa wala kipimo ambacho kingemrudishia moyo. Nakuambia hivi nikijua wapo watakaonilaumu, kwamba nawapa wanawake kisingizio cha kuchelewa. Sipendi kuwaita watu kliniki kwa kuwatwika hatia. Wanawake waliofiwa na kuambiwa "ungewahi" hubeba neno hilo maisha yao yote, na mara nyingi si kweli.

Kilicho kweli ni kwamba ungejua mapema. Ungepimwa wiki ya kumi au kumi na moja usingebeba matumaini wiki zote hizo huku ukichagua majina. Na zaidi ya hapo, kliniki ya mapema inaokoa mama na watoto wengine wengi ambao hatima yao haikuwa imeandikwa kwenye kromosomu.

Chukua mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwenye mrija. Hiyo nayo hutoa mistari miwili na kichefuchefu kilekile. Mrija mara nyingi hupasuka mwezi wa pili au wa tatu, damu ikamwagikia tumboni, na mama akafa kabla ya kuona hospitali. Anayesubiri tumbo lionekane anasubiri kupita wakati ambao hatari hiyo ingeonekana kwenye picha. Hili peke yake lingetosha kunifanya nisimame barabarani nikiita wanawake waende kabla ya wiki ya 12.

Kisha kuna kaswende. Mama anaweza kuwa nayo bila kidonda wala kuwashwa, ikamuua mtoto tumboni au akazaliwa mgonjwa. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na tiba ni sindano ya penisilini. Ukiipata mapema mtoto anapona humohumo tumboni. Kuna virusi vya UKIMWI, ambapo dawa zikianza mapema mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa na kunyonya bila maambukizi. Kuna wingi wa damu, maana mama mwenye upungufu mkubwa hana akiba siku ya kujifungua. Shinikizo la damu na protini kwenye mkojo hutuonyesha kifafa cha mimba kikija kabla hakijamwangusha mtu. Sukari hupimwa pia. Na kwetu huku Tanga, malaria: unapewa chandarua chenye dawa, na kuanzia wiki ya 13 unaanza kumeza dawa ya kinga, ile ya SP, kwa kuachanisha angalau mwezi mmoja, isipokuwa kama unatumia septrini kila siku, ile dawa ya kuzuia maambukizi wanayopewa hasa wenye virusi vya UKIMWI. Anayeanza kliniki mwezi wa sita ameshakosa dozi kadhaa, na malaria haikumsubiri.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu mara nane: mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Linashauri pia altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Picha ya mapema ndiyo inayopima umri wa mimba kwa usahihi zaidi. Ikichukuliwa mwishoni, watoto wameshatofautiana ukubwa na tarehe huwa za kukisia.

Kuhusu kuogopa kijicho, sina ugomvi na mama anayeficha mimba kwa majirani. Ficha hata miezi mitano ukitaka. Mhudumu wa kliniki hahesabiki kuwa ni mtu uliyemtangazia. Wengine huchelewa kwa sababu wameambiwa usipokwenda na mume unarudishwa hadi ulete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mume anaalikwa ili mpimwe pamoja na ajue hatari za mimba, na akija ni heri. Lakini asipoweza, au usipokuwa naye, hiyo si sababu ya kukunyima vipimo. Ukirudishwa, omba kuonana na mganga mfawidhi wa kituo na umweleze.

Nitazaa tena? Kwa umri wako na kwa mimba moja iliyoharibika, matarajio ni mazuri. Wanawake wengi walioipitia njia hii hubeba mimba inayofuata hadi mwisho. Baada ya kusafishwa, damu kidogo inaweza kuendelea hadi wiki mbili hivi. Hadi ikome usikutane na mumeo wala kuweka kitu ukeni. Hedhi hurudi baada ya wiki nne hadi sita, lakini yai linaweza kutoka hata wiki mbili tu baadaye, kwa hiyo kama hamko tayari, ombeni njia ya uzazi wa mpango kabla ya kutoka hospitali. Zamani tuliwaambia wangoje miezi sita. Tafiti zilizofuata zimeonyesha waliowahi zaidi hawakupata matokeo mabaya kuliko waliosubiri. Mimi napendekeza upate angalau hedhi moja ili tarehe zihesabike, na mioyo yenu wawili iwe imetulia. Anza foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba, na uendelee hadi wiki ya 12. Ukishika, nenda upigwe picha wiki ya saba au ya nane. Ikitokea, Mungu apishie mbali, mimba mbili au tatu mfululizo zikaharibika, usikubali kuambiwa "jaribu tena" tu. Dai uchunguzi wa sukari, tezi, kuganda kwa damu na umbo la kizazi.

Huzuni haitaondoka siku moja na bomba. Kuna watakaokuambia ilikuwa damu tu, bado hujazaa, utapata mwingine. Usilazimike kuwajibu. Usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, chakula kisipite, au ukifikiria kujidhuru, mweleze mhudumu wa kliniki hayo kama unavyomweleza homa.

Na mumeo. Mwanaume anayegeukia ukutani mara nyingi analia huko. Kwao hakuna anayewaambia pole. Wote humuuliza mke anaendeleaje. Mwambie usiku huu, bila kumlaumu, kwamba hukubeba ndoo ukamuua mtoto wake, na kwamba yeye pia hakukosea. Mpe jibu hili alisome mwenyewe.

Unauliza kama ataruhusiwa kuwa nawe. Kila hospitali ina utaratibu wake. Pengine chumba cha huduma kinatumiwa na wanawake wawili watatu kwa zamu na wanaume hawaingizwi. Uliza mapema, na kama haiwezekani, ombeni aingie mama yako au dada yako. Lakini kwa daktari aingie nawe, asikie maelezo, aulize. Abaki nje ya mlango wakati wa huduma, akiwa na simu yenye chaji na nauli ya dharura mfukoni, na awe amemtafuta ndugu mmoja aliye tayari kutoa damu ikihitajika. Mkirudi nyumbani alale nawe chumba kimoja usiku wa kwanza, aangalie pedi zako na joto la mwili wako, na siku chache zinazofuata maji ayachote yeye.

Mama Mkunga